Juu ya Neno "Heir" na Tafsiri Yake ya "Mrithi"

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo mfasiri wa Kiswahili huyapita bila kusita, neno "heir" lafaa kuwekwa mbele. Jibu lake ni neno moja, mrithi, naye mfasiri huliandika akaendelea na kazi yake, maana haoni tatizo lolote: huyu hurithi na yule hurithi. Utulivu huo ndio unaostahili kutiliwa shaka. Tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipopitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kufasiri maneno ya Kiingereza ya mirathi kumeacha kuwa zoezi la darasani. Neno likikosewa katika hadithi, msomaji hupotewa na ladha. Likikosewa katika hukumu, mtu hupotewa na nyumba.

Dai linalostahili kupimwa ni hili. Neno "heir", kwa asili yake na kwa historia yake ndefu katika sheria ya Uingereza, halikuwa jina la mtu apokeaye mali tu. Lilikuwa jina la mtu asimamaye mahali palipobaki patupu, na mahali hapo palikuwa pa mtu mmoja. Mrithi, kwa asili yake ya Kiarabu na kwa matumizi ya pwani, ni mtu mwenye fungu, na wenye mafungu huwa wengi. Kamusi iyawekayo maneno haya mawili kuwa sawasawa yaziunganisha taratibu mbili za urithi ambazo hazikupata kukutana.

Kwanza na litazamwe neno lenyewe. Liliingia katika Kiingereza katika karne ya 13, likitoka katika Kifaransa cha Wanormani, nacho kilikuwa kimelipokea kutoka Kilatini, "heres". Siku hizo liliandikwa kwa namna nyingi, "eir", "eyr" na "ayr", wala herufi h haikuwamo katika matamshi, kwa kuwa wasemaji wa Kifaransa walikwisha kuipoteza zamani. Waandishi waliojua Kilatini waliirudisha h hiyo katika maandishi, lakini midomo ya watu haikuwafuata. Hata leo Mwingereza hulitamka neno hili sawasawa kabisa na neno lake la hewa, "air", na mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyelisoma kitabuni kabla ya kulisikia huadhirika mbele ya wenziwe. La ajabu ni kwamba maneno yaliyo ndugu zake, kama "heritage" na "hereditary", leo hutamkwa kwa h iliyo wazi. Huko maandishi yaliishinda midomo. Basi jamii moja ya maneno imegawanyika kati ya sikio na jicho, na ni hili fupi, lililokuwa likisemwa zaidi na watu wasiojua kusoma, lililobaki na matamshi yake ya kale.

Majina ya ukoo Eyre na Ayer ni masalio ya maandishi hayo ya zamani, na maana yake ni mrithi. Msomaji wa hadithi ya Charlotte Brontë iliyotolewa mwaka 1847, Jane Eyre, ana haki ya kusimama hapo kidogo. Binti mwenye jina hilo ni yatima. Kisha ami yake afa na kumwachia paundi 20,000. Naye, badala ya kuzishika peke yake, azigawanya kwa mafungu manne yaliyo sawa, paundi 5,000 kila mtu, yeye na binamu zake watatu. Mwenye jina la mrithi akataa kuwa mrithi wa pekee. Katika Uingereza ya siku zile hilo lilikuwa jambo la kushangaza kuliko lionekanavyo kwa msomaji wa Mombasa au Lamu, ambaye hajapata kuona urithi usiogawanywa.

Lakini asili ya neno haiishii Kilatini. Wataalamu wengi wa lugha hulihusisha "heres" na maneno ya Kiyunani yaliyotoka katika shina moja: "kheros", yaani aliyeachwa, aliyepungukiwa, na "khera", yaani mjane. Wazo la shina hilo ni utupu, kuachwa nyuma. Katika shairi la Homer juu ya vita vya Troia, katika kitabu cha tano, limo neno jingine la jamii hii, nalo lawataja wale jamaa wa mbali wanaogawana mali ya mzee aliyefiwa na wanawe wote. Mfano huo waeleza mengi. Mwana akaaye na baba yake katika nyumba moja, akilima shamba moja naye, hapokei kitu kipya baba anapokufa, aendelea tu. Panapohitajika jina la mrithi ni pale nyumba ilipobaki bila mwenyewe, pengo likaonekana.

Kama mtu akidhani kwamba hiyo ni bahati tu ya neno moja, na aangalie upande wa Wajerumani. Kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066, Waingereza walimwita mrithi kwa neno lao wenyewe, "yrfenuma", yaani mtwaa urithi. Sehemu ya kwanza ya neno hilo ni ndugu ya neno la Kijerumani cha leo, "Erbe", nalo ni la shina moja na Kilatini "orbus", aliyefiwa, na Kiyunani "orphanos", yatima. Shina hilohilo lilipofika kwa Waslavi likawa jina la mtumwa, na la kazi ya kushurutishwa. Kutoka huko, kwa njia ya Kicheki, dunia ikapata neno roboti. Kwa hiyo njia mbili ambazo hazikutegemeana zafika mahali pamoja: mrithi wa Kilatini ni jamaa wa mjane, na mrithi wa Kijerumani ni jamaa wa yatima. Watu hao walipolitafuta jina la mwenye kurithi hawakuanza na mali. Walianza na msiba.

Kuna jambo moja la sarufi ambalo lafaa kusemwa kabla ya kuliacha somo hili la asili. Kitenzi "inherit" kilipoingia Kiingereza hakikuwa na maana ya kurithi, bali ya kurithisha: kumfanya mtu kuwa mrithi na kumweka katika milki. Baadaye maana ikageuka, kitenzi kikawa cha mpokeaji, na Kiingereza kikabaki bila neno jepesi la kazi ya mtoaji. Kiswahili hakina taabu hiyo. Kauli ya kufanyiza hututosha: baba arithisha, mwana arithi, na mali yarithiwa. Mfasiri wa maandishi ya kale ya Kiingereza asiyelijua hili ataandika kwamba mfalme amerithi pale ambapo mfalme amerithisha.

Sasa tuje kwenye sheria, ambako ndiko neno lilikopata sura yake. Mrithi wa Kiingereza hakuchaguliwa na mtu. Kitabu cha sheria kijulikanacho kwa jina la Glanvill, kilichoandikwa karibu na mwaka 1188, kinashikilia kwamba Mungu peke yake ndiye amfanyaye mtu kuwa mrithi, wala si mwanadamu. Hapa Waingereza waliachana na Warumi, ambao neno lenyewe lilikuwa lao. Mrumi alimtaja "heres" wake katika wasia, na wasia usiomtaja ulikuwa batili. Aliyetajwa aliishika nafasi ya marehemu kwa ukamilifu wake, mali na madeni na ibada za nyumbani, hata ikatokea mara nyingine urithi ukawa mzigo kuliko faida. Waingereza waliutwaa upande mmoja wa wazo hilo, yaani kushika nafasi, wakauacha upande wa pili, yaani uhuru wa kumteua mshikaji. Aliyeachiwa shamba kwa wasia alikuwa na jina lake jingine katika sheria. Hakuitwa "heir" hata kama alipata kila kitu.

Kwa habari ya ardhi, mrithi alikuwa mwana wa kiume wa kwanza, peke yake. Nduguze wadogo walitafuta riziki katika jeshi, kanisani au ng'ambo. Asipokuwapo mwana wa kiume, mabinti waliingia wote pamoja, lakini hapo ndipo sheria hiyo inapoionyesha tabia yake: mabinti hao, wawe watatu au wanane, walihesabiwa kuwa mrithi mmoja. Kila mmoja alikuwa na sehemu, lakini cheo cha mrithi kilikuwa cha wote kwa umoja wao, kama kwamba nafasi iliyoachwa na mtu mmoja haiwezi kukaliwa na watu wengi ila wakiwa wamefanywa kuwa mtu mmoja. Mali isiyo ardhi, kama mifugo, fedha na mavazi, ilikwenda njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1670 iligawanywa baina ya mjane na watoto, na hao waliogawiwa hawakuwa na haja ya jina hili. Vyombo vichache tu vilivyoambatana na nyumba vilimfuata mwenye nyumba, navyo vikaitwa "heirloom". Sehemu ya pili ya neno hilo zamani ilikuwa na maana ya kifaa chochote, japokuwa leo Mwingereza akiitaja peke yake hufikiri kitanda cha mfumi.

Utaratibu huo uliondolewa, kwa sehemu kubwa, na sheria ya 1925 iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1926. Tangu hapo "heir" katika mazungumzo ya Mwingereza ni yeyote apataye mali ya marehemu, na gazeti likimtaja mrithi wa tajiri fulani, mrithi ndiyo tafsiri yake bila ugomvi. Kwa matumizi hayo kamusi zetu hazina lawama. Lawama yaanza pale neno linapokuwa ndani ya hati, ndani ya kumbukumbu za historia, au ndani ya tamthilia. Na hizo ndizo sehemu ambazo mfasiri huajiriwa kwa ajili yake.

Upande wa Kiswahili, -rithi ni kitenzi kilichotoka Kiarabu, pamoja na mirathi na urithi. Mwenye Kiarabu husema warith akimkusudia mtu mmoja, pale ambapo sikio la Mswahili husikia wengi. Shina la Kiarabu nalo halikosi wazo la kubaki: Al-Warith ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu, naye ndiye abakiye baada ya viumbe vyote kwisha. Lakini neno lilipofika kwetu lilifika likiwa limevaa elimu ya faraidhi. Hukumu zake zimo katika Sura ya An-Nisaa, nazo ni hesabu: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi, sudusi. Mjane ana robo kama mumewe hakuacha mtoto, na thumni akiwa ameacha. Neno hilohilo wazee walilipa senti 50. Mama ana fungu, baba ana fungu, binti ana nusu ya fungu la nduguye wa kiume. Mwana mkubwa hana chochote zaidi ya mdogo wake. Hakuna hata mmoja wao anayesimama mahali pa marehemu. Kila mmoja asimama mahali pake mwenyewe, alipokuwa amesimama tangu zamani, kwa kuwa ni mke, au mama, au mwana, na hapo ndipo fungu lake linapomfikia.

Kwa mambo mawili sheria hizi zakubaliana. Zote mbili zasema kwamba mtu aliye hai hana mrithi, ila ana watu watakaokuwa warithi iwapo watamwishia nyuma. Na zote mbili zasema kwamba mrithi hafanywi na wasia. Jambo hili la pili lina nguvu zaidi kwa Waislamu, kwani wasia hauwezi kuipita thuluthi ya mali, na kwa madhehebu ya Sunni hauwezi kumpa kitu yule ambaye tayari ni mrithi, isipokuwa warithi wenzake wakiridhia.

Tofauti iliyobaki ilionekana dhahiri katika nyumba ya Seyyid Said wa Omani na Unguja. Alipofariki baharini mwaka 1856 aliacha watoto zaidi ya 30, waume kwa wake, na kwa mali yake wote walikuwa warithi, kila mtu na fungu lake. Lakini swali la kiti halikuwa swali la mafungu. Thuwaini alikuwa Maskati, Majid alikuwa Unguja, na hakuna sheria iliyomtaja mmoja wao kuwa wa kwanza kwa sababu ya kuzaliwa. Shauri likapelekwa kwa Lord Canning, mwakilishi wa Malkia wa Uingereza katika India, naye akaamua mwaka 1861 kwamba nchi zitengwe, na Unguja ilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Mwenye kusoma habari hizo kwa Kiingereza hukutana mara kwa mara na "heir" akiwa na maana ya mwenye kiti. Akizisoma kwa Kiswahili kilichofasiriwa neno kwa neno, ataambiwa kwamba Majid alikuwa mrithi wa Said, habari ambayo ni kweli, na ambayo haimwambii kitu, kwa kuwa Salme binti Said naye alikuwa mrithi wa Said.

Katika fasihi tatizo hili lina mfano bora kuliko yote, nao ni hotuba ya Antonio juu ya maiti ya Kaizari, katika tamthilia ya Shakespeare ya karibu mwaka 1599. Julius Nyerere aliifasiri mara ya kwanza mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ni kazi ambayo kila mwanafunzi wa ufasiri huipitia. Antonio aushika wasia mkononi, akataa kuusoma, na katika kukataa huko awadokeza watu kwamba wao ni warithi wa Kaizari. Baadaye yajulikana kwamba kila raia ameachiwa drakma 75, na wote pamoja wameachiwa bustani za kutembelea. Kwa historia, warithi wa Kaizari walikuwa watu watatu wa ukoo wa dada zake, na Oktavio peke yake alikuwa na robo tatu. Watu wa Roma waliachiwa zawadi tu. Mwanasheria wa Kirumi angalimkatiza Antonio palepale, na Mwingereza aliyeijua sheria ya ardhi ya nchi yake angalifanya vivyo.

Lakini Antonio hakukosea. Alijua alichokuwa akikifanya. Alilitwaa neno la mtu mmoja, mwenye kushika nafasi ya aliyekufa, akaligawa kwa umati. Mtu aliyeambiwa kwamba ameachiwa fedha huenda nyumbani kuhesabu. Mtu aliyeambiwa kwamba yeye ndiye sasa asimamaye mahali pa Kaizari, huyo ana damu ya kulipiza. Ndiyo maana watu wale wanatoka pale wakienda kuchoma nyumba. Kwa Kiswahili, neno warithi hupoteza nguvu hiyo mara mbili. Kwanza, ni neno la kawaida la watu wengi, halina upekee wa kugawiwa umati. Pili, msikilizaji wa pwani ajua tangu utotoni kwamba anayepata kitu kwa wasia si mrithi, ni mtu aliyeusiwa. Kwake yeye Antonio aonekana amechanganya mambo mawili ambayo mtoto wa chuo cha Kurani huyatenga. Mfasiri atakayelipima jambo hili huenda akaona kwamba pale pahitaji usemi wa nafasi, si wa fungu: kwamba Kaizari amewaweka mahali pake, au kwamba wao ndio aliowaacha nyuma ya mgongo wake. Hapo asili ya neno, ile ya kuachwa nyuma, yarudi yenyewe, tena kwa Kiswahili kisicho na taabu.

Kwa upande wa kiti cha ufalme Kiingereza kina mapatano mengine mawili ambayo magazeti yetu huyafanya moja. "Heir apparent" ni yule ambaye hakuna mtoto atakayezaliwa awezaye kumtangulia. "Heir presumptive" ni yule aliye wa kwanza kwa sasa, lakini akizaliwa mwingine aliye karibu zaidi atasogea. Wote wawili huitwa kwa Kiswahili mrithi mtarajiwa, na tofauti yafutika. Elizabeth wa Pili hakupata kuwa wa aina ya kwanza hata siku moja. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, alipokuwa Treetops karibu na Nyeri, katika nyumba iliyojengwa juu ya mti, yeye alikuwa bado mrithi wa aina ya pili, kwa kuwa baba yake, Mfalme George wa Sita, angaliweza kwa sheria kupata mwana wa kiume, na mwana huyo angalimpita dada yake. Alitoka Kenya akiwa malkia bila ya kupita daraja lile. Mwanawe Charles, kinyume chake, aliingia katika daraja hilo siku ileile, akakaa humo miaka 70, hadi tarehe 8 Septemba 2022. Sheria ya Uingereza ya 2013, iliyoanza kutumika 2015, iliondoa haki ya mwana wa kiume kumpita dada yake aliyemtangulia kuzaliwa, na kwa hiyo binti wa kwanza wa mtawala sasa aweza kuwa wa aina ya kwanza.

Tafsiri yake haihitaji kubuniwa kwa jasho. "Apparent" hapa haina maana ya kuonekana kana kwamba, kama itumikavyo sasa. Ina maana yake ya zamani, yaani iliyo wazi. Nayo "presumptive" ni ya kudhaniwa mpaka lije la kuibatilisha. Kiswahili kina jozi hiyo tayari katika lugha ya wanavyuoni: mrithi dhahiri, na mrithi wa dhana. Jozi hiyo ni bora kuliko mtarajiwa, kwa kuwa kutarajia ni kazi ya moyo wa mtu, na hapa pazungumzwa hukumu.

Mtu asidhani kwamba wazo la kushika nafasi ni la Wazungu tu, na kwamba Kiswahili kitalipata kwa kuazima. Baganda wana neno omusika. Huyu huwekwa katika sherehe ya kumaliza matanga, okwabya olumbe. Akiwa mwanamume huvishwa gome la mti na kupewa mkuki, na tangu hapo yeye ndiye baba wa nyumba ile, na watu humwita kwa cheo cha marehemu. Kuwa omusika si kupata mali yote. Sheria ya Uganda ya mwaka 1972, ilipogawa kwa hesabu mali ya mtu aliyekufa bila wasia, ilimtaja mrithi wa mila ikampa asilimia 1. Mwenye kuisoma hesabu hiyo kwa macho ya faraidhi huona kwamba mtu huyu amedhulumiwa. Hakudhulumiwa. Alichorithi hakimo katika hesabu.

Tanzania nayo ilitoa mwaka 1963 tangazo la sheria za mila juu ya urithi, na humo warithi wamepangwa kwa madaraja matatu: mwana mkubwa wa kiume wa nyumba ya kwanza, kisha wana wengine wa kiume, kisha mabinti. Mjane hamo, marehemu akiwa ameacha jamaa wa ukoo wake. Hutunzwa na watoto wake. Basi katika nchi moja, kwa lugha moja, neno mrithi lina maana tatu. Kwa kadhi, mjane ni mrithi mwenye thumni au robo. Kwa mila hiyo, mjane si mrithi. Tena katika makabila mengi lugha yenyewe humfanya kuwa kitu kinachorithiwa, kwani watu husema kwamba fulani amemrithi mke wa nduguye, na kitenzi hakibadiliki hata kidogo kati ya mwanamke na shamba. Kwa sheria zilizotoka Uingereza, maana itategemea mwaka wa sheria hiyo. Wayunani walimwita mjane kwa shina lilelile lililozaa jina la mrithi. Kiswahili cha mahakamani kimemweka mjane mara hii upande wa mtenda, mara ile upande wa mtendwa, bila ya kubadili neno. Hakimu hawezi kutegemea kamusi ya neno kwa neno katika hali hiyo. Yampasa mfasiri aseme ni mrithi kwa utaratibu upi: mrithi wa fungu, au mrithi wa nafasi, au mrithi wa mila kwa daraja lake. Maneno hayo ni marefu kuliko neno moja, lakini urefu ni gharama ndogo.

Iko sehemu moja ambapo hata maelezo hayo hayatafaa, nayo ni ile kauli ya hati za ardhi za Kiingereza isemayo kwamba shamba limetolewa kwa fulani "and his heirs". Kwa karne nyingi mwanasheria hakuweza kumpa mtu umilikaji kamili bila ya kuyaandika maneno hayo. Mswahili akiyasoma yakiwa yamefasiriwa, kwa fulani na warithi wake, huelewa jambo lililo wazi kabisa: shamba ni lake na la wanawe pamoja naye, asiliuze bila wao kuulizwa. Sheria ya Kiingereza ilielewa kinyume. Maneno hayo hayakuwapa warithi kitu chochote. Yalipima tu ukubwa wa haki ya baba, kwamba haina mwisho wa miaka wala haifi naye, na kwa sababu hiyo aliweza kuliuza kesho yake asubuhi, na mwanawe asiwe na neno. Ilipofika sheria ya 1925 maneno hayo hayakuwa ya lazima tena huko kwao, lakini hati za zamani zilizobaki zina maneno hayo, na familia hugombana juu yake. Hapo tafsiri iliyo sahihi haina neno mrithi ndani yake hata kidogo. Yatosha kuandika kwamba fulani amepewa shamba liwe milki yake kamili, auze akitaka.